Chembe Yenye Jina la Mtalaka

Walipooana, mke na mume wote walikuwa wanafizikia wa nadharia, yaani watu wanaolipwa kufikiri na hakuna awezaye kuwakagua. Mume wanafunzi walimbatiza Takriban, kwa kuwa hakuna hesabu aliyoimaliza bila kuikadiria. Mke walimwita Desimali, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kwenye meza ya kulia chakula, kati ya masufuria na nepi za binti yao, wawili hao waliandika kwamba lazima ulimwengu una chembe moja ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Bila hiyo, milinganyo yao haikukaa sawa. Watu wa maabara waliwacheka. Ndoa ikavunjika kabla chembe haijapatikana. Takriban alisema waliachana kwa mambo madogomadogo. Desimali aliyataja yote mbele ya hakimu, mpaka hakimu akaomba maji.

Miaka ikapita, mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe ukajengwa chini ya ardhi, na asubuhi moja simu ya Desimali ikalia. Alikuwa mama mkwe wake wa zamani.

"Mkwe wangu, wameipata," bibi akasema. "Redio imetaja jina la ukoo wetu mpaka raha."

Desimali akakaa kitako. Makala yao ilitoka wakati bado anatumia jina la mume. Sasa kipande cha msingi cha ulimwengu kinaitwa kwa jina alilohangaika mahakamani ili alivue.

"Hongera, mama," akasema.

"Nasikia haidumu. Inatokea, kufumba na kufumbua imesambaratika."

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Kama ninyi, basi," akasema bibi, wala hakuwa na nia mbaya.

Siku ya kutangaza ugunduzi rasmi, wazazi hao waliketishwa mstari wa mbele, binti yao katikati kama ukuta. Mkuu wa maabara akaonyesha mchoro: mstari unaoshuka taratibu, kisha kinundu kidogo mfano wa chunusi. Ukumbi mzima ukasimama kuipigia chunusi makofi. Takriban akabubujikwa na machozi. Desimali alikuwa amezikodolea macho namba za chini ya mchoro.

"Ni nzito kuliko tulivyosema," akanong'ona.

"Tumekaribia," Takriban akajibu, akipenga kamasi.

"Tumekaribia wapi? Ni wewe. Ulikitupa kipande cha mwisho cha mlinganyo, ukasema ni kidogo mno."

"Nilikitupa kwa sababu uliweka alama ya kutoa pasipotakiwa, bibie, na nilichoka kukwambia."

Mwandishi wa habari alikuwa amewasogezea kipaza sauti, akitarajia maneno mazito kuhusu asili ya vitu vyote. Badala yake akarusha hewani watalaka wawili wakigombania alama ya kutoa.

"Usihangaike nao," binti akamwambia. "Hivi ndivyo nilivyolelewa."

Watu wakaenda kula, wao wakabaki ubaoni. Walipokirudisha kipande kilichotupwa, jibu likaharibika zaidi. Hapo Desimali, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akikiri kosa, akakohoa, akaifuta alama ya kutoa kwa kidole, akaandika ya kujumlisha. Uzito ukatoka sawasawa na ule wa maabara. Takriban aliona kila kitu, akanyamaza kimya. Kunyamaza huko kulimgusa Desimali kuliko maua yote aliyowahi kuletewa na mwanamume huyo, ambayo kwa kweli hayakuwa mengi.

"Turudiane?" Takriban akauliza.

"Hapana."

"Nimeuliza tu."

"Najua. Twende tukale."

Chakula kilikuwa kimekwisha. Watu wa maabara hawakuacha hata kombo. Wakapata mkate mmoja na chai iliyopoa, wakagawana wakiwa wamesimama mlangoni. Takriban akamuuliza kama anadhani kuna chembe nyingine zilizojificha.

"Zipo," Desimali akasema, mdomo umejaa mkate. "Ila hiyo nyingine naiandika peke yangu."