Kisigino cha Nani

Hasira niliyo nayo haina pa kwenda, kwa hiyo naimwaga hapa. Mimi ni fundi viatu. Kile kiatu cheupe nilikishona mimi.

Bwana Mdogo, mtoto wa mwenye kiwanda cha sabuni, alitangaza kwamba msichana aliyecheza naye kwenye sherehe ya kiwanda alikimbia akaacha kiatu kimoja, na atamwoa yeyote ambaye kitamkaa. Uongo mtupu. Hakuna aliyekimbia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniletea kipimo kwenye karatasi, na mguu wa kipimo kile mtu mzima hana. Nilijua, nikanyamaza, maana kazi ni kazi.

Kiatu kikazungushwa nyumba kwa nyumba, wapambe wawili wakikaa mlangoni kisitoroshwe. Zamu ya mama mfua nguo ilipofika, alinijia mbio kibandani. Akasema mguu wa binti yake umegoma, umebaki upana wa kidole tu, na wao wiki ijayo wanatolewa kwenye nyumba za kiwanda. Ndoa hii ndiyo pa kushika. Mimi nilikuwa na misumari mdomoni. Sikuinua hata kichwa.

"Tatizo kisigino," nilimwambia. "Kimezidi. Kikate nusu inchi, mguu utaingia."

Akaomba kisu cha ngozi. Nikampa.

Sisi mafundi tukisema kisigino ni cha kiatu, basi. Kikiwa kirefu kinasukuma vidole mbele. Lakini yule hakuwa fundi, alikuwa mama wa watu aliyechanganyikiwa.

Niliposikia wapambe wanapiga makofi, nikaenda kwao. Binti alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shuka za watu zikining'inia kichwani kwake, jasho linamtoka. Kiatu kilikuwa kimemkaa sawasawa. Kilikuwa chekundu mpaka juu. Ndani ya beseni la kufulia kulikuwa na kitu nilichokiona mara moja, na sitakieleza.

"Cha kiatu, mama," nilisema. "Kisigino cha kiatu."

Mama alikitazama kile kiatu. Kisigino chake kirefu kilikuwa kizima, hakijaguswa.

"Hukusema," alisema. "Fundi, hukusema."

Bwana Mdogo akaingia. Asinidanganye mtu kwamba hakuiona damu, maana aliiruka asichafue suruali yake. Akainama, akabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba kama mtu anayechagua nyanya, akaridhika. Kisha akanigeukia, akaagiza cha pili, cha mguu ule mwingine, kipimo kilekile, kiwe tayari keshokutwa.

Nikamwambia sishoni, na nikamtukana mbele ya wapambe wake. Akacheka tu. Akasema mafundi wamejaa mjini, na karatasi anayo.

Hapo binti akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Shona wewe, fundi," alisema. "Ila safari hii upime mguu."