Wanachotaka Wafadhili

Kazi yangu ni kutafuta pesa ambazo sitazila. Ndivyo ninavyojibu watu wakiniuliza nafanya nini pale chuoni, maana nikisema "afisa wa ufadhili wa tafiti" wananitolea macho kama nimewatukana. Kila asubuhi nafungua kompyuta, napekua tovuti za mashirika na wakfu za huku na huko, naangalia nani anatoa pesa, za utafiti gani, mwisho lini. Kisha nawatumia wahadhiri. Wahadhiri hawasomi. Siku ya mwisho ikifika ndipo wanakuja mbio, jasho linawatiririka, "Mama Tangazo, niokoe!" Mama Tangazo ndilo jina langu pale. Lile la kwenye kitambulisho wamelisahau, na mimi sina muda wa kuwakumbusha.

Nina hasira za karibu, sifichi. Nikigombana na mtu asubuhi, mchana nimeshasahau. Lakini hasira niliyo nayo kwa ajili ya shemeji yangu haitoki, na imechanganyika na huzuni kiasi kwamba siku nyingine sijui nilie au nipige meza.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Ni mhadhiri wa elimu ya wanyama, ofisi yake iko ghorofa ya chini ya yangu, na wanafunzi wanamwita Profesa Vyura. Alipokuwa anamchumbia Dada, badala ya kumpeleka mahali pa maana kama wanaume wengine, alimpeleka kwenye bonde lililo nyuma ya machimbo ya mawe, jua la utosi, viatu vipya vya Dada vikazama matopeni. Akamwambia, "Nyamaza, usikilize." Dada akanyamaza. Akasikia chura.

"Ndiyo, chura," Dada akasema. "Sasa?"

"Sasa ni saa sita mchana. Wenzake wote wanalia jua likizama. Huyu saa hizi anamwita nani?"

Dada alirudi nyumbani hoi, akatuambia amepata mwendawazimu. Lakini alivyokuwa anasimulia alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, nasi tukajua harusi ipo.

Basi swali hilo ndilo lililomwingiza shemeji kwenye kazi ya utafiti, na ndilo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitolea hata senti. Mfadhili wa kwanza kabisa aliuliza, chura huyu atamsaidia nani? Shemeji akafikiri, akaandika kwamba vyura wanakula mabuu ya mbu, na mbu ndio wanaoleta malaria. Akapewa pesa, akaenda kuhesabu mbu. Alijiambia ni kwa muda tu: atafanya hayo ya malaria, na pembeni ataiba siku mbili tatu za kwenda bondeni. Wakaja watu wa mbolea, chura akawa kipimo cha sumu za mashambani. Wakaja wa tabianchi. Wakaja wa lishe, loo, hata sitaki kukumbuka.

Nilipoajiriwa ofisi ile nilimkuta ameshakuwa fundi. Nikiona tangazo nampelekea, yeye analipinda andiko lake hapa, analikunja pale, mpaka linaenea. Wote wanafanya hivyo. Chuo chetu hakina fungu la utafiti, na mhadhiri asiyeleta mradi hapandi cheo, wala wanafunzi wake hawapati hata chupa ya dawa ya maabara. Mwaka mmoja likaja tangazo la ujasiriamali wa vijana. Nikamtania, "Hapo, shemeji, chura wako kagonga mwamba." Akalichukua. Akashinda! Mpaka leo kuna vijana mjini wana vyeti vya ujasiriamali vyenye picha ya chura. Tulicheka siku hiyo ofisi nzima, na yeye akacheka nasi.

Bondeni alikuwa haendi tena. Hakuna aliyeliona hilo likitokea.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, nilikuwa napekua kama kawaida, kikombe cha chai kinapoa pembeni, nikakutana na tangazo ambalo halikuwa na jedwali la kujaza. Halikuuliza malengo, halikuuliza walengwa. Nilidhani ukurasa umekatika, nikaufungua upya. Ulikuwa wakfu mdogo ulioachwa na bibi mmoja aliyekuwa mtafiti wa mimea, na maneno yake yalikuwa machache. Kwa watafiti wanaokaribia kustaafu. Tuandikie, wewe mwenyewe na si ofisi ya chuo, kurasa mbili kuhusu swali ulilotaka kuliuliza maisha yako yote ukakosa nafasi. Usituambie litamsaidia nani. Tuambie kwa nini wewe unataka kujua.

Pesa zilitosha miaka miwili ya kazi, gari na mafuta yake, na vinasa sauti vya kisasa. Jamani, nilishuka ngazi zile nimeshika viatu mkononi.

Shemeji alisoma, akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. "Hawa si matapeli?"

"Matapeli wangekuomba pesa, wewe. Hawa wanakupa."

"Bila kuuliza tija?"

"Bila kuuliza chochote! Wanakuuliza wewe tu. Shemeji, huyu ni chura wako. Ameletewa barua ya mwaliko."

Akatabasamu. Nilimwona, alitabasamu kweli, nikarudi juu nikiwa nimeridhika na kazi yangu, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Jioni Dada akanipigia simu. Nilidhani ananipongeza, kumbe analia. "Mdogo wangu," akasema, "nimeolewa na mtu wa bondeni, nimeishi na mtu wa ripoti. Silalamiki, watoto wamesoma. Lakini nataka yule wa bondeni arudi, hata kwa hiyo miaka miwili tu, kabla hatujawa vikongwe wa kutafunwa na baridi. Usimwachie hili peke yake. Msimamie."

"Nitamsimamia mpaka achoke kuniona," nikamwambia.

Baada ya siku chache andiko likaja. Nililifungua kabla hata sijakaa. Kichwa chake kilisema: Mchango wa Amfibia Waliao Mchana katika Kujenga Ustahimilivu wa Jamii za Pembezoni dhidi ya Mabadiliko ya Tabianchi.

Damu ikanipanda kichwani. Nikashuka.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Rasimu."

"Rasimu ya nani? Wameandika usituambie litamsaidia nani, na wewe umewasaidia mpaka akina mama wajane! Hawa wajane wametokea wapi? Chura gani anasaidia wajane?"

"Wafadhili wanasema hivyo," akanijibu kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa mambo haya. "Ndani kabisa wanataka kuona manufaa. Huyu ataona manufaa, atafurahi."

"Huyo ameshakufa! Hataona kitu! Ameacha pesa zake kwa sababu alichoka na haya haya."

Akaniahidi atayaondoa. Na kweli aliyaondoa, mtu wa watu, hana kiburi. Akaniletea karatasi isiyo na wajane, isiyo na tabianchi, isiyo na jamii za pembezoni. Ilibaki mistari miwili, na wa pili ulikuwa jina la chura kwa Kilatini.

Dada naye hakukaa kimya. Alimkalisha mezani, akamsimulia siku ile ya viatu matopeni, neno kwa neno. Anasema mumewe alimsikiliza vizuri sana, kama mtu anayesikiliza habari za harusi ya jirani. Mwisho akauliza, "Nilisema hivyo mimi?" Dada akapiga moyo konde. Jumamosi akamwambia vaa, tunatoka.

Walikwenda bondeni. Mimi sikuwepo, haya nimeyapata kwa Dada, na sauti aliyonisimulia nayo siipendi hata kuikumbuka. Machimbo yamesogea, anasema, na upande mmoja wamepitisha mfereji wa maji machafu, lakini majani bado yapo na majimaji bado yapo. Wakasimama pale pale. Jua lilipofika utosini chura akalia.

"Alilia, mdogo wangu. Alilia vizuri tu, tena karibu yetu. Moyo ukanipiga kama msichana. Nikageuka nimtazame mume wangu. Ameinama, anapiga picha ule mfereji. Akaniambia, 'Unajua hapa pana mradi mzuri wa usafi wa mazingira?'"

"Labda hakusikia," nikasema.

"Alisikia. Nilimuuliza. Akasema, 'Ndiyo, bado wapo,' akaendelea na picha zake."

Nilikaa na simu sikioni nikisikiliza dada yangu anapenga kamasi.

Siku ya mwisho ya maombi ikafika. Mwisho ulikuwa saa tisa alasiri. Nilimwita shemeji ofisini kwangu, nikampa kiti changu, nikafungua ukurasa wa wakfu ule, nikasogeza mafaili nimpe nafasi. Nikamfungia mlango watu wasimsumbue, nikakaa kwenye benchi la wageni nikijifanya nasoma.

Hakugusa kibodi. Muda ukaenda, ukaenda. Feni inazunguka, anaitazama. Mwishowe nikashindwa.

"Shemeji, andika basi. Chochote. Andika ulivyomwambia Dada."

Akageuza kiti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, si wa mtu mkaidi, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu.

"Shemeji, hebu niambie," akasema. "Hawa wanataka nini?"

"Wanataka unachotaka wewe."

"Hayo nimeyasoma. Nakuuliza wewe mwenye uzoefu. Hawa wanataka nini?"

"Hakuna kingine! Hakuna siri hapo! Chura analia mchana, wewe unataka kujua kwa nini. Kwisha!"

Akatikisa kichwa polepole. "Nikikaa kuandika, wa kwanza kuja kichwani ni yule atakayesoma. Anakaa hapa, anauliza maswali yake, namjibu. Nimejaribu kumtoa. Nikimtoa, hakuna mtu mwingine mle." Akapitisha kiganja usoni. "Najua nilitaka kujua. Sikatai. Kama ninavyojua niliwahi kuwa na meno ya utoto. Lakini kule kutaka kwenyewe, shemeji, sikuoni. Nimetafuta wiki nzima."

"Usiseme hivyo."

"Andika wewe. Wewe na dada yako mnalikumbuka swali langu vizuri kuliko mimi."

Nisiseme uongo, nilisimama. Nilikwenda mpaka kwenye meza. Kurasa zile mbili nilikuwa nazo kichwani tangu siku ya kwanza, matope na viatu na jua na kila kitu, na ningeziandika kwa muda mfupi tu. Na sharti la wakfu kwamba aandike mwenyewe silo lililonizuia, maana nani angejua? Nilimtazama nikajiuliza, haya, niandike, ashinde, tununue gari na vinasa sauti, halafu tumpeleke bondeni akafanye nini? Atupigie picha za mfereji miaka miwili? Na Dada akae pembeni anamtazama?

"Siwezi," nikamwambia, na nikaanza kulia, mimi, ofisini, mchana kweupe.

Akainuka akanishika bega. Yeye ndiye aliyenibembeleza. "Usilie, shemeji. Pesa ndogo tu hizi. Tumeshashinda kubwa kuliko hizi."

Saa tisa ikapita. Ukurasa ukajifunga wenyewe, ukaandika kwamba muda wa kupokea maombi umekwisha, na nafasi ya kuandikia ikapotea. Simu yangu ikaanza kuita. Alikuwa Dada. Niliitazama inavyotetemeka juu ya mafaili mpaka ikanyamaza, kisha ikaanza tena, na bado sikuipokea.

Shemeji alirudisha kiti mahali pake, akapanga yale mafaili niliyoyasogeza. Akafika mlangoni, akasita.

"Huko kwenye mtandao hakuna tangazo lingine? Hata la kuku."

La kuku lilikuwepo, la magonjwa ya kuku wa kienyeji, mwisho wake mwezi ujao. Nikamtumia. Sikuwa nimefunga ofisi bado andiko likawa limeshanirudia, limekamilika, malengo yamepangwa, walengwa wametajwa, bajeti imekaa sawa. Nililisoma lote nikitafuta kosa, na sikuliona hata moja.