Mara ya Mwisho Kuingia

Mimi sina dogo, na kazini wote wanalijua hilo. Kazi yenyewe ni kutunza seva, zile kompyuta zinazokaa mbali kwenye chumba cha baridi, sisi tukiziingia kwa mtandao. Ukitaka mtu aruhusiwe kuingia, unamtengenezea jozi ya funguo. Zinatoka mbili kwa mpigo: mmoja wa siri unabaki kwenye kompyuta yake, wa pili unauweka kwenye seva. Seva ikiona zinalingana, inamfungulia.

Jozi ya mdogo wangu niliisimamia mwenyewe, mezani kwa mama, wiki ile niliyomtafutia kazi kitengoni kwetu. Tulimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Kompyuta ilipomwambia aweke nywila ya kuulinda ule ufunguo wa siri, yeye akabonyeza tu, akapita. Nikamjia juu.

"We! Ufunguo bila nywila si sawa na mlango bila kitasa?"

Akacheka. "Dada nawe una maneno kama redio. Humu ndani mwizi nani, mama?"

Mama, aliyekuwa akimenya viazi, akacheka mpaka kisu kikamdondoka.

Kitinda alikufa kwa homa ambayo sote tuliiona ya kawaida. Utaratibu unataka ufunguo wa mtu aliyeondoka ufutwe siku hiyohiyo. Sikuufuta. Kwenye seva ni mstari mmoja tu wa herufi zisizosomeka, na mwishoni jina lake. Kila nilipoufikia nilijitafutia shughuli nyingine.

Ikawa hivyo mpaka mkuu wa kitengo aliponiita mezani kwake. "Dada, samahani kwa kukutonesha kidonda, lakini hebu tazama hapa. Ufunguo wa marehemu unaingia kila asubuhi."

Nilipanda mori. Nikajua laptop yake, iliyobaki kwa mama, imeibwa, na kuna mshenzi anapita humo kama kwake. Kesho yake asubuhi nikaenda kwa mama bila hata kupiga simu, mdomo umejaa matusi ya kumpa huyo mwizi.

Nikamkuta mama amekaa mezani, laptop mbele yake, kikombe cha Kitinda pembeni kikifuka mvuke.

"Ingia, mwanangu. Viatu uache hapo hapo."

"Mama, unafanya nini na hiyo?"

"Si naiwasha? Kila siku alipokuwa akioga alikuwa akiniambia, mama, niwashie. Nabonyeza hiki kipicha, basi, inafunguka yenyewe."

Akabonyeza. Likatokea dirisha jeusi, na ndani yake salamu ambayo seva humwandikia kila anayeingia. Kitinda alikuwa ameigeuza Kiswahili ili mama naye aisome. *Mara ya mwisho kuingia: jana asubuhi.*

Mama akauwekea ule mstari kidole. "Unaona? Jana aliingia."

Mimi ninayemwambia mkuu wangu ukweli machoni, nikajifanya naisoma ile salamu. Aliyeingia jana ni yeye mama, na juzi ni yeye, na siku zote hizo ni yeye. Ningemwambiaje? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikanywa chai aliyonimiminia, nikamuaga, nikaenda zangu kazini.

Mkuu alikuwa amenipa mpaka jioni hiyo niwe nimeufuta, na haki alikuwa nayo, maana mle mna siri za watu wengi. Nikafungua faili la funguo, nikashuka hadi kwenye mstari wa Kitinda, nikaufuta. Seva haikuniuliza hata kama nina hakika. Nikaenda chooni nikalia mpaka mama mfagiaji akagonga mlango kuuliza kama niko mzima.

Asubuhi iliyofuata simu ikaita.

"Leo imeandika imekataa," mama akasema.

"Mtandao huo, mama. Utakaa sawa."

"Usinidanganye. Wewe tangu utoto hujui kudanganya."

Nikavuta pumzi. "Ni mimi, mama. Nimeufuta ufunguo wake jana. Na yule aliyekuwa akiingia kila siku..."

"Ni mimi," akasema. "Mwenye macho haambiwi tazama. Kwani vidole si vyangu? Nilikuwa najua, mwanangu. Nilitaka tu kusoma mahali kwamba jana alikuwepo."

Nikaangua kilio pale pale, mbele ya wenzangu wote wanaoniogopa. Nikamwomba anisamehe. Nikamwambia ni kazi, kwamba nisingeufuta mimi angeufuta mtu baki asiyemjua.

"Kufuta sikukatazi," mama akasema. "Lakini siku ya kumzika tulishikana mikono, mimi na wewe. Hili la jana mbona umelifanya peke yako?"