Mshea Uliotangulia Chini

Trekta la shemeji yake lilipoung'oa mti wa mshea nyuma ya nyumba, Lamisi alilia kama mtu aliyefiwa, na kweli alikuwa amefiwa. Kijiji kizima hapakuwa na mti mwingine uliotoa siagi tamu namna ile. Kokwa zake karibu zote zilishachemshwa kwa ajili ya siagi, na kokwa iliyochemshwa haioti. Alichookoa ni kiganja kimoja tu, alichokinyakua pembeni mwa chungu. Hizo zisipoota, mti ule ndio umekwisha duniani.

Akazifukia kwenye makopo nyuma ya bafu. Azara, mke mkubwa, akaja kutazama, mikono kiunoni.

"Mke mwenzangu, mshea hupandwa na Mungu. Wewe amekuajiri lini?"

"Dada, utanicheka nikishindwa."

"Basi ngoja nijiandae."

Mvua zikanyesha, makopo yakabaki kimya. Majirani waliochelewa kupanda mahindi walishaanza kupalilia. Uvumilivu ukamwishia Lamisi, akamwaga kopo moja. Kokwa ilikuwa imepasuka, na kitu kinene kama mkia kimeteremka chini hadi kugusa bati. Juu hapakuwa na dalili ya jani.

"Mzizi mtupu," alisema huku machozi yakimtoka. "Nimeuua, dada."

Azara hakucheka. Aliupapasa ule mkia taratibu, kwa vidole vilivyozoea kutafuta mawe kwenye mchele. Mbali kabisa na kokwa, vidole vikasimama.

"Lete maji."

Wakauosha. Palikuwa na ufa mwembamba, na ndani yake chipukizi jekundu, dogo kama punje ya mtama, limeelekea juu.

"Unaanzia huku chini?" Lamisi alinong'ona.

"Kila kiangazi moto unapita porini, unateketeza kila kitu," Azara alisema. "Huu unajificha kwanza, ndipo uzaliwe. Nani aliuambia kuna moto, Lamisi? Haujawahi kuuona."

Lamisi alisisimka mwili mzima. Maisha yake yote alikuwa akila mshea, akijipaka, akiuza, na hakuwahi kujua unavyozaliwa. Wakaurudisha udongoni kwa mikono minne, na makopo mengine hawakuyagusa.

Mwezi uliofuata, asubuhi moja, Lamisi alitoka na maji akamkuta Azara ametangulia. Azara, ambaye hata akimsalimu mama mkwe wao huinama nusu tu kwa kusingizia magoti, alikuwa amechuchumaa mpaka chini, kichwa amekiinamisha. Kwenye kopo lililo mbele yake, jani jekundu lilikuwa limetoboa udongo.

"Umeamkaje, mama," alikuwa akiliambia.