Kokwa za Hajati Nabra

Kila Alhamisi akitoka kazini, Mahjub alipita dukani kwetu kuuliza kama kokwa zimetoka. Sokoni kwetu Bab al-Luq, prosesa za kompyuta tunazihesabu kwa kokwa, neno lile lile la kokwa ya tende. Yenye kokwa nyingi huigawa kazi na kuimaliza mapema. Ya Mahjub ilikuwa na nne, na ilikuwa imechoka.

Alikuwa mchoraji katika ofisi ya wasanifu majengo, mtu wa makamo, mpole. Mama yake, Hajati Nabra, alizaliwa Ballana, kijiji cha Wanubi kilichozama maji ya bwawa yalipopanda. Aliondoka huko akiwa msichana, kijiji kizima kilipohamishwa. Sasa alikuwa na presha ya macho, na daktari alimwambia Mahjub waziwazi kwamba dawa inachelewesha tu, hairudishi kilichokwisha kupotea. Kwa hiyo Mahjub alikuwa akimjengea nyumba yao upya ndani ya kompyuta: kuta za udongo zilizopakwa chokaa, baraza ya nje, sahani za kauri zilizopachikwa juu ya mlango. Nyumba ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kuifanya filamu, mtu atembee kutoka mtoni mpaka mlangoni, na jua la alasiri ukutani. Kompyuta yake ilichukua saa kadhaa kutoa picha moja, na filamu inataka maelfu. Alitaka mama aione kabla macho hayajapofuka.

Prosesa ya kumfaa ilikuwepo kabatini kwetu, na pesa alikuwa nazo. Lakini habari za kizazi kipya cha prosesa zilikuwa zimeanza kuvuma, na kanuni ya soko letu kila mtu anaijua: hununui mwisho wa kizazi. Ama unangoja mpya, ama unangoja mpya ishushe bei ya ile ya zamani. Bwana Girgis, mwenye duka, aliwaambia hivyo wateja wote, hata pale ambapo kunyamaza kungempa faida. Sisemi alikosea. Miaka mingi ilikuwa kweli.

Basi tukangoja pamoja naye. Mtu alikuwa ameona mtandaoni picha ya boksi, mwingine ana shemeji Dubai anayejua. Kokwa zilipanda kutoka kumi na sita hadi ishirini na nne kabla hata chai haijapoa. Bei nayo ilikuwa hivyo hivyo: Bwana Girgis alisema pauni elfu thelathini, jirani yetu muuza nyaya akasema haitavuka ishirini na tano, na Mahjub alisikiliza wote kwa makini, kisha akauliza ile ya kabatini itashuka kiasi gani. Bwana Girgis alimtania kwamba yeye ndiye mteja pekee anayenunua kwa masikio.

Ilisemwa zitatoka baada ya Ramadhani. Ikawa baada ya Idi Kubwa, kisha mwisho wa kiangazi.

Nyumbani, mama alikuwa akiuliza ataona lini. Mahjub alikuwa na picha chache zilizokamilika, lakini hakutaka aonje kipande kipande. Alimwambia avumilie, anangoja kokwa. Tena mama alimsikia kila siku kwenye simu: kokwa kumi na sita, kokwa ishirini na nne, zimechelewa tena.

Alhamisi moja Mahjub aliingia na kopo la samli, akaliweka mezani. Bwana Girgis akalifungua. Lilikuwa limejaa kokwa za tende, zimeoshwa na kuanikwa.

"Mama amezituma," Mahjub alisema. "Anasema kama ni kokwa tu zinazonichelewesha, hizi hapa. Ni za tende za kwetu, mjomba huleta kutoka Aswan. Kila mama akila, anaweka kokwa."

Tulicheka mpaka jirani wa nyaya akaja kuuliza kuna nini. Bwana Girgis alitaka kujua hajati anauza kwa bei gani, maana hawa ndio wenye mali, sisi tunauza maneno. Mahjub naye alicheka. Kisha akasema, akilifunika kopo, "Juzi alinimiminia chai nje ya gilasi."

Nikampa kiti. Baada ya muda akauliza kama tumesikia lolote kuhusu bei.

Zilitoka katikati ya vuli. Dola ilikuwa imepanda wiki ile ile, na ile mpya ikafika sokoni kwa elfu hamsini na mbili. Ile ya kabatini haikushuka, ilipanda pia, ikapita hata bei tuliyokuwa tukiibashiria mpya. Mahjub alisimama mbele ya kabati kwa muda. Halafu akasema nifunge ile mpya.

Niliibeba mpaka kwao Abdin, nikaifunga, nikaijaribu. Filamu ambayo ingechukua miaka ilikamilika kwa wiki chache. Mahjub aliniita niwepo, endapo mashine ingeleta matata.

Hajati Nabra alikuwa amevaa vizuri na kupaka hina. Alikaa mbele ya skrini, mikono mapajani. Filamu ikaanza. Mto ukaonekana, kisha mitende, kisha ukuta mweupe. Nilikuwa sijaona kitu kizuri namna ile.

Mama uso wake ulielekea pembeni kidogo, upande wa feni ya kompyuta.

"Washa basi, mwanangu," alisema.

Mahjub alinitazama. Nikatazama chini. Alipiga magoti kando ya kiti cha mama yake, akaushika mkono wake.

"Imewaka, mama. Tunatoka mtoni."

"Haya."

"Tumepita mitende. Naona ukuta, umepakwa chokaa, unang'aa."

"Ni Idi hiyo. Tulipaka kila Idi." Alikuwa anatabasamu. "Na sahani?"

"Zipo juu ya mlango. Ya katikati ina ua la bluu."

"Ile ya bibi yako. Na kwenye baraza amekaa nani?"

Mahjub alitazama baraza. Watu hakuwa amewachora. Watu ni kazi kubwa, wanataka mashine kubwa zaidi.

"Hakuna mtu, mama."

"Na ndani?"

"Hakuna."

Tabasamu lilimtoka polepole.

"Basi ni ile siku ya kuhama," alisema. "Zima, mwanangu."

Mahjub akazima. Tulikunywa chai, na mama akaniuliza habari za watoto wangu.

Aliponisindikiza ngazini, Mahjub alinishika bega, akaniuliza prosesa za mwakani zitakuwa na kokwa ngapi. Nikamwambia wanasema zaidi.

Hakuuliza bei.