Msafiri Haambiwi Msiba

Bi Biasha wa Lionja alikuwa na ulimi, na msimu ule wa korosho ulimi wote aliuelekeza kwa mwanawe wa kiume. Kila aliyepita kumsalimu alipewa habari za Rahimu, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, fundi baiskeli mwenye kijiwe chake Nachingwea mjini, anayepanda ndege kwenda Japani kutembea kwa miguu. "Watu wanapanda ndege kwenda Maka," alisema. "Wengine wanafuata kazi. Huyu wangu anafuata kutembea. Kwani miguu hapa Lionja imekatazwa?" Wageni walicheka. Yeye hakucheka.

Zuleha, binti yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye tangu alipoachika, alijua kuwa mama hatanii. Safari yenyewe ililetwa na Mwalimu Haruka, Mjapani aliyewahi kufundisha hesabu miaka miwili pale Nachingwea, ambaye baiskeli yake ilikuwa ikiharibika kila Jumamosi na fundi wake alikuwa Rahimu. Aliporudi kwao, Haruka akawa anaongoza vikundi vya watu kumi kumi, wanaoizunguka nchi kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mitumbwi. Mwaka huu alimtumia Rahimu tiketi ili awe mgeni wake siku kumi na mbili na aziangalie baiskeli za kundi. Nani angekataa? Lakini ilikuwa Novemba, korosho zinadondoka, na zikilala chini mvua ikazikuta, daraja la ubora linashuka na bei nayo. Mama alitaka mtoto wake shambani, mtoto alitaka kwenda, wakanuniana wiki nzima.

Ijumaa ya safari Rahimu alisimama na begi lake mlangoni mwa jiko, akaomba radhi. Mama alikuwa amechutama anachochea moto. "Si tiketi unayo? Nenda," alisema, wala hakugeuka. Rahimu alisubiri mpaka mwenye pikipiki akapiga honi mara ya pili. Mama hakutoka nje, hakumpa mkono. Zuleha ndiye aliyemsindikiza mpaka barabarani, na njia nzima mdogo wake alikuwa anamwambia jambo moja tu, amuombee kwa mama.

Jumapili jioni ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya Zuleha, maana mama alikuwa na kile kisimu cha tochi. Rahimu alikuwa amefika. Alisema baridi inauma masikio, kesho wanaanza kupanda milima, na yeye moyo wake uko pale jikoni. "Mama, nikosoe, nitukane, lakini usininyamazie." Bi Biasha alisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema rudia. Akarudiwa. Akasema rudia tena. Baada ya mara ya tatu alijifuta mikono kwenye kanga na kusema kesho wakitoka shamba atausikiliza tena. Zuleha alimuuliza amjibu nini mdogo wake. Mama akasema jibu litakuwepo kesho.

Kesho yake saa nne asubuhi alianguka kati ya mikorosho na ndoo yake mkononi. Presha alikuwa nayo siku zote, na siku hiyo haikumpa nafasi. Bajaji ilikuwa haijafika hata kwenye lami alipokata roho kwenye mapaja ya Zuleha. Wakageuza. Baada ya swala ya alasiri alikuwa ameshazikwa.

Watu hawajatawanyika makaburini, mjomba Mohamedi, kaka yake marehemu, akatoa amri. Huko kwao neno la mjomba halijadiliwi, na hili hata halikuwa lake peke yake, ni la tangu zamani: msafiri haambiwi msiba njiani. Mtu akiwa mbali ukimpa habari ya kifo unamuua mara mbili, maana hawezi kuzika, hana wa kumshika mkono, na njia bado ndefu. Afike, ale, apumzike, ndipo aambiwe. Kijiji kizima kikashika. Mpiga picha wa kijiji, kijana aitwaye Amri, alikuwa ameshaweka pole mtandaoni kwa simu yake, vijana wakamfuata nyumbani na akaifuta palepale.

"Wewe ndiye mwenye simu," mjomba alimwambia Zuleha. "Utamjibu kama kawaida. Na usilie ovyo. Ukilia sauti itakauka, mwenzio atajua."

Hapo ndipo kazi ya Zuleha ilipoanza. Wanawake wenzake walikaa chini kwenye mikeka wakalia mpaka wakachoka, kama inavyotakiwa. Yeye alikaa na simu. Ikilia mlio wa ujumbe alitoka nyuma ya nyumba, akasafisha koo, akabana pua mpaka machozi yarudi yalikotoka, kisha akasikiliza mdogo wake anafurahi.

Maana Rahimu alikuwa anafurahi, si haba. Siku nne walitembea milimani, kwenye njia za mawe walizopita mahujaji wa zamani, miti mirefu mpaka shingo inauma, majani mekundu yametanda chini kama mtu ameanika kanga. Walilala nyumba za wageni zenye bwawa la maji moto, ambamo wanaume wote wanaingia uchi wa mnyama, wazee kwa vijana. Rahimu alikataa katakata, akaoga kwa beseni chumbani, na wenzake wakamheshimu wakidhani ni ibada. Alikula samaki mbichi kipande kimoja kwa ajili ya adabu. Kisha wakapanda baiskeli, wakawa wanavuka kisiwa hadi kisiwa juu ya madaraja marefu, na mama mmoja Mkanada wa miaka sabini alimuacha Rahimu kwenye mlima yeye na ufundi wake. "Mwambie mama nimepitwa na bibi kizee. Atacheka."

Kila ujumbe uliishia na swali lilelile. Mama anasemaje? Ameniridhia?

Siku ya tatu ya msiba Zuleha alijibu kuwa mama yuko shambani, korosho nyingi. Siku ya tano alisema amekwenda Narung'ombe kwa mdogo wake, mama Mwanawetu, na huko Ruangwa vijijini mtandao ni wa kubahatisha. Uongo una njaa, ukiulisha leo kesho unadai tena. Siku ya nane Rahimu aliuliza mama anavaa kiatu namba ngapi, ameona raba nyepesi za kutembelea, anataka amletee ili amnyamazishe na yale maneno yake ya kutembea. Zuleha alikwenda chumbani, akainua ndala za mama alizokuwa amezisukuma uvunguni, akasoma namba kwenye soli. Akaandika thelathini na nane. Kisha akakaa kitandani na ndala mkononi, na hakulia.

Siku ya tisa sauti ya Rahimu ilikuwa imebadilika. Alisema wanaanza safari ya majini, kila mtu kwenye mtumbwi wake mwembamba wa plastiki, na yeye bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na tano. Hakuogopa maji. Aliogopa kuingia majini na kinyongo cha mama. "Dada, kama mama bado ana hasira, sema. Mimi nitarudi na ndege ya kesho. Lakini nipe hata neno moja kutoka mdomoni mwake."

Zuleha alimpelekea mjomba simu. Alimwambia waziwazi kuwa amechoka, kwamba mtoto aambiwe arudi. Mzee alisikiliza, akakuna kidevu. Alisema kilichobaki ni siku chache, na mtu akiambiwa yuko juu ya maji anaweza kufanya lolote. Akauliza kama simu hiyo haina sauti yoyote ya marehemu.

Ilikuwepo. Mwezi wa Ramadhani Rahimu alikuwa Masasi akifuata vipuri, akakwama siku mbili, na mama alimtumia ujumbe kwa simu ya Zuleha ili asihangaike kuwahi futari. Zuleha aliutafuta, akausikiliza mara moja, akautuma bila kuongeza neno. Bi Biasha alikuwa anasema hivi: "Rahimu mwanangu, sisi wazima. Mimi sina neno na wewe. Kaa umalize yako, usiwe na haraka."

Jibu lilikuja Jumatano, siku ya kumi. Rahimu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na nyuma yake kulisikika maji yakigonga plastiki. Alisema alipoufungua ujumbe ule Haruka aliwaambia wote waache kupiga kasia, wakakaa kimya katikati ya maji wakimsikiliza mama, watu wasiojua hata neno moja, na yule bibi wa Kikanada akafuta macho. Alimshukuru mama. Akasema sasa miguu yake imekuwa myepesi. Na kwa kuwa mama mwenyewe amesema asiwe na haraka, amekubali ombi la Haruka la kubaki wiki moja zaidi, ajifunze kwa fundi mmoja mzee wa baiskeli.

Zuleha aliuweka uso kwenye kanga. Alikuwa amemtafutia mdogo wake neno la kumtuliza, na neno hilo likambakiza huko.

Rahimu alifika Jumapili, siku ya ishirini na moja. Mjomba na wazee wawili walimpokea stendi Nachingwea, wakamchangamkia na kumsifia koti. Rahimu aliingia uani na raba mpya mkononi anamwita mama kwa kumtania, anamwambia atoke waende wakatembee. Wakamkalisha. Wakamlisha wali, wakamngoja anawe mikono. Kisha mjomba akakohoa na kumwambia.

Zuleha hakuwahi kusikia mwanamume akilia vile. Wazee walimshika mabega, wakamsomea, na majirani walikuja wakakaa naye. Lakini ilikuwa ni ukaaji wa wageni. Hitma ilikuwa imeshasomwa, mikeka ilisharudishwa kwa wenyewe, na wanawake walikuwa wanatazama jua wawahi shamba zao. Rahimu alipotulia alisema jambo lililomfanya kila mtu aangalie chini. Alisema anamshukuru Mungu, mama amekufa akiwa radhi naye, na sauti yake anayo mfukoni. Hakuuliza alikufa lini, na hakuna aliyemtajia. Mjomba alimtazama Zuleha kwa jicho la kumnyamazisha. Usiku uleule alimwita pembeni, akamwambia amwachie mtoto hilo neno, linamdhuru nani?

Jumatatu asubuhi Rahimu aliamka mapema, akachukua ndoo, akamfuata dada yake shambani. Waliokota korosho bega kwa bega, wakizinyonga kutoka kwenye mabibo kama walivyofundishwa wadogo. Kisha Rahimu akauliza arobaini itakuwa lini, anataka anunue mbuzi, hilo asinyang'anywe na mtu.

Zuleha alikuwa ameshapangiwa jibu. Mjomba alikuwa amempa hesabu nyingine, tamu, ya kukisogeza kifo mbele wiki mbili, kiwe baada ya ile sauti. Alifungua mdomo kulitoa na akaona hawezi. Kwa siku ishirini na mbili alikuwa amemdanganya mtu mmoja tu duniani, na ni huyu aliyezaliwa naye tumbo moja.

"Ijumaa," alisema. "Si hii, wala si ijayo. Ile ya tatu. Bado siku kumi na nane."

Rahimu aliweka ndoo chini. Alikuwa fundi, hesabu hazikuwa zikimsumbua. Aliangalia mikono yake, midomo ikihesabu, na Zuleha aliona pale alipofika.

"Sauti ya mama niliipata siku ya kumi," alisema.

"Ilikuwa ya Ramadhani. Ulipokwama Masasi."

"Nilipokuwa nashangilia kule kwenye maji, yeye alikuwa chini."

"Alikuwa chini, mdogo wangu."

Kisha akauliza lile ambalo Zuleha alikuwa akiliogopa tangu mwanzo, kama mama alimridhia. Kusema ndiyo kulikuwa kwepesi, na hapakuwa na shahidi. Zuleha akamweleza kama ilivyokuwa. Ujumbe wake wa kwanza mama aliusikiliza mara tatu. Alisema atausikiliza tena wakitoka shamba. Alisema jibu litakuwepo kesho. Hakulisema, na Zuleha hakulijua.

Rahimu alikaa chini kwenye majani makavu, koti lake zuri la Kijapani kwenye utomvu wa mabibo. Hakumgombeza. Alichosema alikisema polepole, kama anayemuuliza mtu njia.

"Mngeniambia siku ile, dada, ningelia kule nikijua na nyie mnalia. Sasa nyie mmeshamaliza. Mimi nitalia na nani?"

Zuleha alitaka kumwambia kuwa ni desturi, kwamba walimhurumia, kwamba mjomba alisema. Yote hayo yalikuwa kweli na hayakutoka. Badala yake kifua kikaanza kumpanda, na safari hii hakusafisha koo wala hakubana pua.

"Na mimi," alisema. "Mimi sijaanza."

Akakaa kando yake, chini, kama wanavyokaa watu wa msibani siku ya kwanza.