Mtu Ndani ya Kiungo Namba Sitini na Mbili

Alhamisi saa nne na nusu asubuhi, kabla supu ya njegere haijapakuliwa kantini, Iiris Kangasniemi aliweka picha ya eksirei ya kiungo namba sitini na mbili cha bomba juu ya meza yenye taa, akamwona mtu ndani ya chuma. Iiris alikuwa mhandisi mwenye miezi mitano tu katika kinu cha nyuklia cha kisiwani, pwani ya magharibi ya Finland, na kazi yake ilikuwa kukagua viungo vilivyochomelewa. Mtu yule alichuchumaa. Kwa mikono miwili alikuwa ameubana ufa mpaka kingo zake zikagusana.

Iiris alifungua jedwali la kasoro. Palikuwa na nyufa, viputo na uchafu ulionaswa. Mtu hakuwamo.

Akampelekea picha Raimo, mkuu wa ukaguzi. Raimo alivaa miwani na kumtambua mara moja: Veikko Hautala, mchomeleaji, aliyezikwa mwezi wa Machi. Alieleza taratibu kwamba kiungo hicho alikichomelea Veikko mwenyewe, kwamba aliomba mara tatu akirudie, na kwamba ratiba haikuruhusu.

"Basi tukikate, tuchomelee upya," Iiris alisema.

"Kinu kikae wiki tatu zaidi kimezimwa? Muda wako wa majaribio unaisha lini vile?"

"Mwisho wa mwezi."

"Haya. Ufa umeachama au umefumba?"

"Umefumba. Lakini kuna mtu anaubana, Raimo."

"Amechoka?"

"Sijui. Haonekani uso."

"Basi andika umefumba. Fomu haiulizi nani kaufumba."

Iiris alirudi mezani kwake. Aliona aibu, aibu hasa, ikampanda mpaka masikioni. Lakini kazi aliitaka tangu akiwa shuleni, na kalamu ilikuwa mkononi. Akasaini.

Kantini supu ilikuwa ikipakuliwa na Marjatta, mjane wa Veikko. Habari zilishamfikia; kisiwani pale hakuna linalochelewa. Aliomba aione picha. Iiris akaitoa kwenye bahasha, na watu kwenye foleni wakasubiri na trei zao bila kunung'unika. Mmoja aliomba apitishiwe haradali.

Marjatta alifuta mikono kwenye aproni, akaiinua picha kuelekea dirishani.

"Amekonda," alisema. "Mtamwachia lini?"

Ukaguzi mwingine wa kiungo kile ulipangwa baada ya miaka minne. Iiris akamwambia miaka minne.

Marjatta aliitazama picha tena.

"Hata gunia la viazi alikuwa halitoi garini, huyu," alisema. "Mgongo ulikuwa unamtesa."

Akamrudishia picha. Akampakulia supu, akamjazia kuliko wengine, kisha akamwita anayefuata.